Kaka yangu ana ugonjwa wa Huntington: niandike nini kwenye daftari, na shamba tuuze?

BintiKonde

Assalaam alaykum.

Natokea Konde, Pemba, nasomesha skuli ya msingi. Naandika kwa ajili ya kaka yangu, mkubwa wetu, mchuma karafuu ambaye zamani hakukuwa na mti unaomshinda. Ilianza kwenye vidole. Vikawa vinacheza wenyewe, kama mtu anayepiga kinanda kisichoonekana. Kikombe kikawa kinamponyoka. Baadaye mabega, baadaye mwendo, na sasa akipita barazani watu wanagusana: huyu leo kaonja tembo. Mtu asiyekosa sala ya alfajiri, huo ulevi anaupatia wapi?

Kwetu hili si geni. Baba alikuwa hivyo hivyo, na babu mji mzima ulimwita Mzee Tikisa. Baba alipoanza, neno lililopita ni kwamba alikata kuni msitu wa Ngezi jua linatua, akakanyaga maskani ya wenyewe. Akanyweshwa makombe, akafushwa, akapigiwa ngoma ya pepo hadi kunakucha. Mwisho wake alikuwa anapaliwa hata na maji matupu, akafa na kifua. Hakuna aliyemtazama baba akamkumbuka babu. Kila mmoja alipewa shetani wake.

Kaka tumempitisha Chake, Unguja, mpaka Dar. Huko daktari wa mishipa ya fahamu akauliza swali ambalo hajawahi kuuliza mtu: nani mwengine katika ukoo? Nikamchorea kwenye karatasi, babu juu, watoto wake chini, nikatia alama kwa walioumwa. Akaitazama, akasema hii karatasi imenisaidia kuliko picha ya kichwa. Damu ikapelekwa nje ya nchi na jibu likarudi: Huntington, ugonjwa wa ubongo wa kurithi, idadi ya marudio 44. Akatwambia hakuna dawa ya kuuondoa, lakini yapo mengi ya kufanya. Hayo mengi hakuyataja, foleni ilikuwa ndefu.

Sasa nataka kuyajua. Anatumia haloperidol kila usiku. Kutikisika kumepungua kweli, lakini amekuwa mzito, kakakamaa, anasinzia mchana, na udenda unamtoka. Ndivyo inavyokuwa? Pia amekonda sana na chakula anakula. Tunamwambia apumzike, anasema yeye hana kitu. Ukimwambia "kaka, umetikisika," anakuuliza "nani?" na wala hatanii.

Daktari alisema niandike maendeleo yake kwenye daftari mpaka turudi. Niandike nini? Mimi mwalimu, kuandika si tabu, lakini nimejaza kurasa za "leo hajambo kidogo, leo hali mbaya" na hata mimi mwenyewe sizielewi.

Halafu kuna klipu. Mpwa wangu yuko Maskati, ametuma video inayosema mwaka 2025 imepatikana dawa ya kupasuliwa kichwa mara moja tu ukapona. Familia imekaa kikao na tayari pametajwa kuuza shamba la mikarafuu. Shamba lenyewe ndilo linalotulisha.

Na mwisho, binti wa kaka anaposwa. Mchumba ni wa upande wa ami yetu. Bibi wa upande wa mama anasema ndiyo haya, tumeoana ndugu kwa ndugu mpaka damu imechoka. Ni kweli? Na huyo binti aambiwe nini?

---

Ustadh_Mtambwe

Wa alaykum salaam dada yetu. Poleni, Mola ampe shifaa. Msiache kumsomea, Qur'ani ni ponyo na humtuliza hata anayemuuguza. Ila anayekwambieni muache dawa ili kisomo kifanye kazi, huyo mkimbieni. Na kama kaka anang'ang'ania kufunga Ramadhani na mwili unaisha hivyo, mgonjwa asiyetarajiwa kupona ana ruhusa: hafungi, na kwa kila siku analishwa maskini mmoja. Mwambieni mapema, si siku ya kuamkia mwezi.

---

NesiMstaafu_Ngambo

BintiKonde mwanangu, karibu. Nimefanya kazi wodini Unguja mpaka nikastaafu, na wagonjwa wa namna hii nimewauguza, ingawa wengi waliandikwa "wazimu" tu. Nitajibu kwa mpangilio wangu mwenyewe, maana chakula ndicho kinachoua mapema na wewe umekigusia tu.

Kukonda kwake si siri. Ugonjwa huu unachoma nguvu mwilini hata akiwa amekaa, kwa hiyo sahani iliyokuwa ikimtosha zamani haimtoshi tena. Mlisheni mara tano, kidogo kidogo, na kila kitu kiwe na mafuta: uji wa tui zito, boko boko lenye samli, ndizi mbivu za nazi, tende zilizopondwa kwenye maziwa. Mkate mkavu mlowekeni kwenye mchuzi. Pweza na muhogo wa kuchoma viacheni. Na urojo, najua mtanichukia, urojo ni hatari kwake: maji mepesi na vipande vigumu kwa pamoja ndiyo mchanganyiko unaompalia mtu wa koo dhaifu. Akila akae wima, kidevu akiinamishe anapomeza, asisemeshwe, asilale mpaka ipite nusu saa. Baba yako aliyekufa na kifua, mara nyingi ndivyo inavyokuwa: chakula kinapotea njia kinaingia mapafuni, kisha nimonia.

Dawa. Haloperidol inazuia kutikisika, na hayo ya kukakamaa na kusinzia ni madhara yake yanayojulikana. Ikizidi inaharibu na kumeza pia, kwa hiyo huo udenda usiudharau. Usimpunguzie wewe na usimwachishe ghafla, rudi kwa daktari umwambie hivi hivi ulivyotwambia hapa. Ipo olanzapini, ambayo pia inatuliza mwili na hasira, na ile sifa yake mbaya ya kunenepesha watu kwake yeye ni faida. Wamuangalie sukari tu. Ipo tetrabenazini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2008 kwa kutikisika huku huku, na wadogo zake wawili waliokuja 2017 na 2023. Mimi sijawahi kuiona kwenye duka la dawa Unguja, na inaweza kumtia mtu huzuni nzito, kwa hiyo si kwamba mmekosa lulu. Na kutikisika kama hakumwangushi wala hakumzuii kula, wakati mwengine hakuhitaji dawa. Anayekerwa nako ni mtazamaji wa barazani, na huyo hatumtibu.

Kusema "nani?" anapoambiwa katikisika si ukaidi. Ugonjwa unakula sehemu ya ubongo inayomjulisha mtu hali yake. Msishindane naye.

Kinachonitisha zaidi ni moyo wake. Huzuni na hasira huja na ugonjwa huu, mara nyingine miaka kabla ya mwili kutikisika, na wako wanaofikia kutaka kujiua. Muulizeni kwa maneno ya wazi kama mawazo hayo yanamjia. Kuuliza hakumtii wazo. Kamba za kuchumia, dawa za shamba na vidonge vyake vikae kwa mtu mwengine. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake na aonwe siku ile ile. Huzuni yake inatibika kwa dawa za kawaida, tena vizuri.

Sasa daftari. Madaktari wa ugonjwa huu wana kipimo cha alama 13 cha uwezo wa mtu kujiendesha, na kinakaa kwenye mambo matano: kazi yake (3), fedha zake (3), kazi za nyumbani (2), kujihudumia mwili, yaani kula, kuvaa, kuoga (3), na kama anaweza kuhudumiwa nyumbani au hapana (2). Mzima ana 13. Alama zenyewe atazitia daktari, wewe mwandikie ushahidi. Usiandike "hali mbaya." Andika: alikwenda dukani akarudi na chenji sawa, au hapana. Vifungo vya shati alifunga mwenyewe. Alianguka wapi, akifanya nini. Alipaliwa na nini. Mara moja kwa mwezi mpime uzito na umwambie atoe ulimi nje akae nao sekunde 10. Mtu mzima wa afya hilo si kazi, wao ulimi hurudi wenyewe. Na mpige video akitembea ukumbini, mahali pale pale, pembe ile ile. Hiyo itamwonesha daktari wa Dar kitu ambacho dakika zake chache hazitamwonesha.

La ndoa nitarudi, naitwa jikoni.

---

MamaFatu_Mkoani

Nisameheni kuingilia. Mwanangu ana miaka 9, alikuwa na maumivu ya koo na viungo, sasa ni wiki mkono mmoja unarukaruka na hasira zimemzidi, skuli wamesema anafanya makusudi. Kwetu hakuna wa hivyo katika ukoo. Ndiyo huu?

---

NesiMstaafu_Ngambo

MamaFatu, huo uwezekano mkubwa si huu. Mtoto, koo, viungo, kisha mwili kucheza: hiyo ni homa ya baridi yabisi, inatokana na vijidudu vya kooni na inaweza kula vali za moyo. Inatibika. Mpeleke hospitali ya Abdalla Mzee kesho asubuhi, waambie maneno haya haya na waombe wamsikilize moyo. Akithibitika atahitaji sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka. Usikose hata moja.

Na wengine mnaosoma: si kila anayetikisika ana Huntington. Tezi ya shingo, sukari iliyopanda sana, lupasi, dawa za akili zilizotumika muda mrefu, na ugonjwa wa Wilson ambao madini ya shaba hujaa ini na ubongo, vyote vinaweza kufanana nayo, na Wilson ina dawa. Tena kuna ndugu yake Huntington anayeonekana karibu wote kwa watu wenye asili ya Kiafrika, jeni yake ni nyengine kabisa. Ukipimwa Huntington ikatoka hapana na ukoo wenu umejaa wanaotikisika, muulizeni daktari kuhusu huyo.

---

Mpemba_Cardiff

BintiKonde, shamba msiuze. Naishi Wales, kazi yangu ni kutunza wazee, na nyumba niliyokuwa nikifanya kazi alikuwemo bwana mwenye ugonjwa huu, kwa hiyo habari hii nimeifuata kwa karibu. Tena baadhi ya hizo operesheni zimefanyika hapa hapa Cardiff.

Klipu haikutunga yote. Dawa inaitwa AMT-130, ya kampuni ya uniQure. Wanatoboa fuvu na kupitisha mirija myembamba hadi ndani kabisa ya ubongo, wakiongozwa na picha za MRI, kazi ya saa 12 mpaka 18. Wanachomimina ni virusi visivyo na madhara vilivyobebeshwa maagizo ya kupunguza ile protini mbovu. Septemba 2025 walitangaza kwamba waliopewa dozi kubwa ugonjwa wao ulikwenda polepole kwa asilimia 75 katika miaka mitatu. Habari njema, hata madaktari wa London walioshiriki walifurahi. Lakini sikiliza na yaliyobaki: waliotibiwa na kuhesabiwa kwenye jaribio hilo la dawa kwa watu ni 29, na waliofikisha miaka mitatu kwa dozi kubwa ni 12. Wakalinganishwa na kumbukumbu za wagonjwa wengine wa nje, si na watu waliopasuliwa pamoja nao. Wote walikuwa hatua za mwanzo. Na waliyosema ni polepole, hawakusema kupona.

Mwaka 2021 palikuwa na dawa nyengine, tominersen, ya sindano ya uti wa mgongo. Dunia nzima ilikuwa imeishikilia. Mwezi wa Machi wakaisimamisha, maana waliochomwa mara nyingi zaidi walifanya vibaya kuliko waliochomwa maji yasiyo na dawa. Bwana niliyemtunza aliisikia kwenye redio, akazima.

Na jaribio la kweli halimtozi mgonjwa kiwanja. Mtu akikwambia lete fedha akupeleke kupasuliwa, huyo anataka mikarafuu yenu.

---

BintiKonde

Ahsanteni. Nimemsomea mama sehemu ya shamba, amesema "alhamdulillahi" kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. Mpwa nimemtumia maneno ya Mpemba_Cardiff, kanijibu kwa kidole gumba tu. Nafikiri amechukia.

Nesi, nimeanza. Chenji: nilimtuma sukari na majani ya chai, akarudi na sukari na chenji yote ya sukari, majani kasahau. Nimeandika hivyo hivyo. Ulimi haukufika sekunde nne. Alipaliwa na chai nyepesi, uji haukumsumbua. Nakungojea kwenye la ndoa, maana wakwe wanakuja.

---

NesiMstaafu_Ngambo

Nimerudi. Bibi mwambie kwa adabu kwamba safari hii damu ya ndugu haina kosa. Yapo maradhi yanayotaka nakala mbovu mbili, ya baba na ya mama, na hayo ndiyo yanayopenda ndoa za ndugu. Wilson niliyoitaja ni mojawapo. Huntington inataka nakala moja tu. Mwenye nayo hata akioa Mchina, kila mtoto anayezaliwa ana nusu kwa nusu. Na haichagui wa kiume wala wa kike.

Ile namba 44 ni hivi: katika kromosomu ya 4 kuna jeni ambayo ndani yake herufi tatu, CAG, zimejirudia. Mpaka 26 hakuna neno. Kuanzia 36 hadi 39 mtu anaweza kuugua au asiugue. Kuanzia 40 ataugua akijaaliwa umri. Wengi huanza kati ya miaka 30 na 50. Inapopita kwa baba marudio huweza kuongezeka, ndiyo maana mtoto pengine huanza mapema kuliko mzee wake.

Sasa nataka uitazame tena ile karatasi yako. Huyo ami, baba au babu wa mchumba, ana umri gani na hali yake ipi?

---

BintiKonde

Ami ni babu yake mchumba. Kapita sabini na tano, bado anakwenda shamba kwa baskeli na anatia uzi kwenye sindano bila miwani.

---

NesiMstaafu_Ngambo

Basi ami karibu hakika hakurithi, na ugonjwa huu haurukii kizazi: asiyeurithi hana cha kuwapa wanawe. Upande mzima ule wa karatasi yako uko huru, na nadhani hakuna aliyewahi kuwaambia. Waambie wewe.

Upande wenu ndio wenye swali, binti na wewe mwenyewe pia, ingawa hukujitaja hata mara moja. Nimeliona hilo. Kipimo kipo, lakini hakuna anayelazimika. Nancy Wexler, Mmarekani ambaye mama yake alikufa kwa ugonjwa huu, ndiye aliyekwenda kwenye vijiji vya Ziwa Maracaibo, Venezuela, kuanzia 1979, akachora ukoo wa watu zaidi ya 18,000 na kukusanya damu yao. Kutokana na kazi ile jeni ikapatikana 1993. Ukoo wake mwenyewe una ugonjwa, na miaka yote ile hakutaka kutangaza kama anao. Mwaka 2020, akiwa mtu mzima wa miaka sabini na kitu, ndipo akasema anao. Kama yeye alikuwa na haki ya kunyamaza, na binti yenu anayo.

Binti ni mtu mzima, aambiwe yeye kwanza, faragha, kabla ya wakwe na kabla ya baraza. Aelezwe ugonjwa wa baba yake ni nini na kwamba kwake ni nusu kwa nusu. Akitaka kupimwa aende kwa daktari aliyemuona baba yake, azungumze naye kabla ya kutoa damu, na awe na mtu wa kumshika mkono siku ya jibu. Watoto wadogo wasio na dalili hawapimwi, wataamua wenyewe wakikua. Kuhusu mchumba, rai yangu ni aambiwe kabla ya akdi, na amwambie binti mwenyewe. Wako watakaosema sitiri. Mimi nimeshuhudia ndoa ambayo mke aliligundua mwaka wa kumi, na sikutamani kuwepo.

---

Ustadh_Mtambwe

Katika hilo niko pamoja na nesi. Aibu inayoathiri ndoa haifichwi kwa anayeoa, ila haimhusu mshenga wala majirani.

---

BintiKonde

Nimezungumza na binti jana baada ya isha. Amesema alishajua. Alikuwa akimtazama babake mikono na kisha anajitazama yake. Kupimwa hataki kwa sasa, mchumba atamwambia Ijumaa, na mimi nitakuwa chumba cha pili akinihitaji. Mimi mwenyewe nesi, niachie kwanza.

Kwa daktari tumepata nafasi, tutavuka na boti ya Mkoani. Nachukua daftari, video mbili za ukumbini na suala la olanzapini. Uzito tulikosa mizani, tukampima kwenye ya karafuu. Amesimama pale akicheka, anataka kujua ametiwa daraja la kwanza au la pili. Kilo 49. Nimemwandikia daraja la kwanza, na chini yake kilo.

Suali moja la mwisho: boti ikichafuka na yeye anatapika kirahisi, vidonge vya bahari vinagombana na haloperidol?

---

NesiMstaafu_Ngambo

Vipo vinavyozidisha usingizi na kukauka mdomo vikikutana nayo, kwa hiyo usimpe vya dukani kabla hujampigia daktari. Mkalishe katikati ya boti, chini, atazame upeo wa bahari. Asafiri ameshakula kitu chepesi saa mbili kabla, na mfuko wa uji mzito uwe mkononi mwako, si kwenye begi la chini.